Baroni Grimoulard Apotea Mezani

Saint-Aubry, 6 Machi 2016

Mwanangu Solenne,

Natumaini barua hii itakuwahi bandarini kabla meli haijaondoka, na kwamba umevaa zile soksi za sufu. Mimi sijambo, ila magoti ndiyo yana maneno mengi. Paka wa jirani amezaa juu ya gunia la shayiri, nimemwachia. Apolline, mjukuu wa baba yako mkubwa, ameng'oka jino la mbele na anamwonyesha pengo kila anayeingia kununua mkate, mpaka wengine wanalipa na kukimbia. Baba yako mkubwa Ghislain anakusalimu, lakini kwa shingo upande. Bado anasema mtu mwenye akili zake haendi kuoka mikate kisiwani ambako hakuna hata mti mmoja.

Sasa nije kwenye lililonikalia kooni. Baroni Grimoulard hajaonekana mpaka leo.

Nimeipekua nyumba nzima. Nimechekecha unga, nimefungua bomba la sinki, nimekung'uta kitambaa cha meza, nimepasua hata mfuko wa mashine ya kufyonza vumbi. Keki ya Mamajusi tuliila yote ile Jumapili ya Januari, kila mtu alimaliza kipande chake, na hakuna aliyetoa mezani kisanamu kinachofichwa ndani yake. Jambo hili halijatokea tangu babu yako Célestin, Mungu amrehemu, aliponunua ile keki ya kwanza na kumkuta ndani yake adui wa Kapteni Fanfarel, yule shujaa wa vitabu vya watoto, na masharubu yake yaliyochongoka na glavu zake za kijani, mdogo kuliko kucha ya dole gumba.

Sheria ya nyumba unaijua, lakini nina hasira, acha niiseme. Watu wengine huweka mashujaa kwenye keki zao. Sisi tunaweka adui, yule yule kila mwaka. Anayemkuta kwenye kipande chake anavaa taji la karatasi, anamsimamisha Baroni mezani mbele ya wote, anatoa amri moja, na kila aliyekaa pale anaitii bila kununa. Babu yako alikuwa akisema shujaa utamtii kwa sababu unampenda, lakini ukimtii na adui, hapo ndipo umelelewa. Ghislain mwenyewe alimpata akiwa na miaka kumi na tisa, akaamuru asiwe mwokaji, aachwe akaendeshe treni. Babu yako alikuwa amekwisha kumshonea aproni. Aliikunja, akaiweka kabatini.

Leo huyo huyo Ghislain anasema, kwa kuwa Baroni hakuonekana, mwaka huu hakuna mfalme wala amri, basi mambo yaamuliwe kwa akili za kawaida. Na akili zake za kawaida zinamwambia, kama mwaka jana, bekari iuzwe. Nyumba babu yako aliturithisha sote wawili, hawezi kuuza peke yake, lakini anajua nimechoka na anajua wewe umeondoka. Anasema mtu alimmeza Baroni bila kujua. Nikamwambia ukimmeza mtu mwenye masharubu yale utajua tu.

Bwana Lavergnolle mwenye duka la dawa amekuja tena kuuliza. Anao wahusika wote wa Fanfarel kwenye kabati lake la kioo, isipokuwa Grimoulard, kwa sababu kiwanda kilimtengeneza msimu mmoja tu. Akina mama walilalamika kwamba watoto wao wanavishwa taji kwa ajili ya mhalifu, wakamwondoa. Nilipomwambia amepotea, alikaa kwenye kiti cha wateja akaomba maji.

Wewe ulikaa dirishani, mkabala na mimi. Hukuona kitu?

Shangazi yako,
Marcelline


Kituo cha Utafiti, Visiwa vya Kerguelen, 19 Aprili 2016

Shangazi mpendwa,

Barua ilinikuta bandarini, na soksi nilikuwa nimevaa pea mbili. Nimefika salama. Nilitapika safari nzima lakini chachu yako haikumwagika. Niliibeba ndani ya koti kwenye ule mtungi wa jamu, na baharia mmoja alidhani nina mtoto mchanga, akawa ananipisha njiani.

Huku kuna upepo, halafu kuna vitu vingine vichache. Wenzangu ni watu wa ndege, watu wa mawe, mafundi, na daktari mmoja, Evrard, asiye na wagonjwa, kwa hiyo anashinda jikoni kwangu akikosoa. Nina tanuri la umeme lenye kiburi cha bosi mpya. Mkate wa kwanza uliungua chini na kubaki mbichi juu. Waliula wote, wakaniambia aliyenitangulia alikuwa hawezi hata kufika hapo.

Usijaribu kunipigia simu. Najua ukijaribu utasikia sauti yako mwenyewe ikirudi, na utagombana nayo. Barua zinakuja na meli tu, na meli ikija msimu huu haiji tena mpaka mwingine, basi tuandikiane kwa subira.

Kuhusu lile la mezani, sijui nikuambie nini. Siku ile jua lilikuwa linanipiga usoni pale dirishani, sikuona vizuri.

Magoti yapake ile dawa, usiiangalie tu. Na mwambie baba mkubwa kwamba mti upo mmoja, ila tumeutengeneza wenyewe kwa mabomba.

Wako,
Solenne


Saint-Aubry, 27 Juni 2016

Mwanangu,

Barua yako imefika imegongwa mihuri mpaka pembeni, na mtu wa posta ameniomba bahasha. Nimemnyima. Sote tu wazima. Apolline ameota jino jipya, limetoka upande, anasema ndilo analolitaka. Ghislain amepanda maharage mengi kuliko watu waliopo kijijini na kila jioni anatuletea kama adhabu.

Umesema jua lilikupiga usoni. Jumapili ile, Solenne, ilinyesha theluji ya majimaji tangu asubuhi mpaka tulipowasha taa za chakula cha mchana. Lakini mimi ni mzee, labda nimesahau jua hilo.

Nikupe habari zenyewe. Mwezi uliopita niliteleza mbele ya tanuri. Sikuvunjika, niache kwanza niseme hilo. Nilikaa chini tu, nikashindwa kuinuka, na aliyenikuta ni Ghislain. Hakunigombeza. Alinishika kwapani akaniinua, akanikalisha, akatoa mikate yangu mwenyewe tanurini kwa kile kibao kirefu. Afadhali angenigombeza, maana tangu siku hiyo anayo sababu ya kuuza.

Mnunuzi amepatikana. Ametoka Dijon, kavaa viatu vinavyong'aa, amepima kuta zetu kwa kijitaa chekundu. Ndani anataka kuweka mashine za kufulia nguo. Nje, pale kwenye benchi, anataka kusimamisha mashine ya kuuza mikate: unabonyeza kitufe, unaangukiwa na mkate uliookwa jana huko asikokujua mtu. Alinieleza, mimi binti wa Célestin, kwamba watu wa siku hizi hawapendi kuongea na mwokaji. Nilimuuliza kama kwao alizaliwa au alibonyezwa. Ghislain alinikanyaga mguu.

Mtu yule alipoondoka, Ghislain aliniuliza taratibu, nani ataoka baada yangu. Nilikuwa na jina kwenye ulimi. Mwenye jina anaoka mikate ya watu wa ndege. Nikainama kufagia unga, na kwa Ghislain hilo lilikuwa jibu tosha. Kijiji hiki hakina shule tena, hakina posta ya siku zote, padri anakuja kwa zamu. Bekari ikifungwa, watu hawatakuwa na pa kukutana asubuhi ila makaburini.

Sikuandikii haya ili urudi. Umekwenda kwa hiari yako, na mimi ndiye niliyekununulia sanduku. Nakuandikia kwa sababu sina mwingine wa kumwandikia.

Shangazi yako,
Marcelline


Kerguelen, 21 Agosti 2016

Shangazi,

Barua yako ya Juni nimeipata leo, meli iko ghubani, nina muda mfupi wa kukujibu. Naandika na mikono ina unga, usishangae madoa.

Kwanza, zile hatua mbili za mbele ya tanuri ziweke mchanga. Nimekuambia tangu nikiwa shuleni. Pili, yule mtu wa viatu nimemchukia huku huku, bila kumwona.

Mimi mzima. Baridi imetukaa. Tuna mchana mfupi na upepo unaomlaza mtu chali, juzi umemchukua Evrard na mlango aliokuwa ameshika. Mkuu wa kituo aliniambia nimechoka, akanipa wiki ya kupumzika, akamweka fundi wa redio jikoni. Nililala siku ya kwanza. Siku ya pili niliamka alfajiri bila kuamshwa, nikakaa kitandani najiuliza chachu imelishwa au haijalishwa. Nikashuka jikoni. Fundi wa redio alikuwa amekaa mbele ya tanuri anasoma maelekezo. Nilimnyang'anya aproni, na hakupinga. Shangazi, hakuna aliyekuwa amenituma. Hakuna aliyesema huyu ni mjukuu wa Célestin, mpeni kibao cha tanuri. Huku hakuna anayemjua Célestin. Niliukanda unga ule huku nalia kidogo, na nilikuwa na furaha, sijui kama unanielewa.

Nina swali moja dogo, la udadisi tu. Amri ya Grimoulard huisha lini? Tuseme mtu amempata Januari, hajasema chochote. Mpaka lini bado anaweza kusema?

Meli inapiga honi. Busu kwa Apolline na jino lake.

Solenne


Saint-Aubry, 9 Oktoba 2016

Mwanangu Solenne,

Sisi wazima. Ghislain amepata mafua, analalama kama anajifungua. Nimetandika mchanga mbele ya tanuri. Apolline ameanza kusoma na kitabu chake cha kwanza ni cha Kapteni Fanfarel, kile cha kisima cha chumvi. Kila Grimoulard akianguka kisimani anashangilia, halafu ananiuliza kama aliumia.

Umeuliza swali dogo la udadisi. Nami nakujibu kidogo, kwa udadisi huo huo. Aliyempata Baroni ni mfalme mpaka keki ya Mamajusi inayofuata ikatwe. Kisu kikigusa keki mpya, amri ya zamani imekufa. Na amri haitolewi kwa mdomo mtupu, wala kwa barua, wala kwa simu inayorudisha sauti. Baroni awepo mezani, asimame kwa miguu yake, waliokuwapo wamwone. Ndivyo babu yako alivyoweka. Kaka zangu walijaribu kumdanganya mara moja kwa kisanamu cha kondoo, wakaosha masufuria mpaka Pasaka.

Sikuulizi kwa nini umeuliza.

Mkataba umeandikwa. Ghislain amekwisha sema ndiyo kwa kinywa, na mimi sijasema hapana. Tutatia saini kwa wakili Jumatatu, kesho yake baada ya Jumapili ya Mamajusi. Ghislain mwenyewe ameomba iwe baada ya sikukuu, tule keki mara ya mwisho chini ya paa la baba. Nilimwambia keki bila Grimoulard ni mkate tu. Akasema basi tule mkate. Hakusema kwa ubaya. Nilipotazama uso wake niliona naye haoni njia nyingine.

Mashine za kufulia zimekwisha agizwa. Bwana Lavergnolle anapita mbele ya duka akiwa amevua kofia, kama msiba umeshatokea.

Barua hii nitaipeleka mwenyewe mjini ili iwahi meli ya Novemba.

Shangazi yako,
Marcelline


Kerguelen, 22 Novemba 2016

Shangazi mpendwa,

Salamu nimezifunga kwenye kopo la bati pamoja na mzigo, kwa hiyo leo sina salamu ndefu. Mimi mzima, wote huku wazima, Evrard amepata mgonjwa wake wa kwanza, amejikata mwenyewe.

Fungua bati ukiwa umekaa. Ndani kuna keki. Haina krimu ya lozi, ni kavu, nimeioka mara mbili iweze kusafiri, na sasa ni ngumu kama kigae. Usiile. Ndani yake amelala Baroni Grimoulard.

Ndiyo, ni mimi. Nilimuuma kwa jino la nyuma mara ya pili nilipotafuna. Wewe ulikuwa unamwagia watu mvinyo wa tufaha. Nilimsukuma kwa ulimi akakaa shavuni, nikanywa, nikacheka, nikamuitikia baba mkubwa hadithi yake ya treni iliyokwama, na muda wote glavu za kijani ziko kwenye ufizi wangu. Nilishuka naye ngazi, nikapanda naye meli.

Na kabla ya kipande changu kuitwa, Apolline akiwa chini ya meza anataja kila kipande ni cha nani bila kukiona, nilisikia kiatu chako cha mti kinagonga sakafu. Mara mbili. Halafu Apolline akasema, cha Solenne. Hilo hukuniandikia hata mstari mmoja kwenye barua zako zote.

Nilijua ulichotaka. Ulitaka nivae taji niseme bekari isiuzwe. Na wangetii. Halafu wote wangenigeukia: haya, umeamuru, sasa oka. Nafasi ya huku nilikuwa nimeshapewa, barua iko mfukoni. Shangazi, nilizaliwa kwenye unga. Baba yangu Rémi alipokufa nililelewa kwenye unga. Sikuwahi kujua kama naoka kwa sababu napenda, au kwa sababu hakuna aliyeniuliza. Ningekubali siku ile, ningekaa maisha yangu yote nikimtazama Grimoulard kwa chuki. Kwa hiyo nilifunga mdomo.

Sasa nafungua. Nimeoka mwisho wa dunia, mahali ambako hakuna wa kunilazimisha, na ninataka kuoka. Nataka tanuri la babu, lile la kuni, lenye ufa. Nataka kugombana na watu wa Saint-Aubry kuhusu mkate ulioiva sana na usioiva. Nitarudi na meli ya Aprili.

Basi fanya hivi, na usiongeze la kwako. Mwite baba mkubwa kabla ya Jumapili ya Mamajusi. Ivunje keki mbele yake kwa nyundo. Isikatwe, wala isigawanywe, isije ikahesabiwa keki mpya. Msimamishe Baroni mezani, mwambie: huyu alikuwa kwenye kipande cha Solenne, na amri yake ni hii, bekari isiuzwe. Mwonyeshe barua hii ukitaka. Atatii. Aliwahi kutiiwa.

Usiongeze la kwako, Shangazi. Nakujua.

Solenne


Saint-Aubry, 10 Januari 2017

Mwanangu Solenne,

Hujambo, na mimi sijambo, nakaa na kusimama bila kushika kitu, utaona sababu. Apolline mzima. Ghislain mzima ila jino moja.

Bati lilifika Desemba. Nilikaa nalo mapajani jikoni jioni nzima. Nililia, nikacheka, nikakutukana, nikamshukuru Mungu, halafu nikaanza kufikiri, na hapo ndipo maagizo yako yalipoharibika.

Nilifikiri hivi. Nikivunja keki kwa nyundo, Ghislain atatii. Namjua. Atatii kwa mwaka mmoja, kimya, midomo imevimba, kila akinitazama nikishika kiuno anaona anashuhudia dhambi. Na Mamajusi ijayo tutarudi pale pale, mnunuzi mwingine, viatu vingine. Sikutaka anitii. Nilitaka akubali. Vitu hivi viwili si kimoja, na kwa hiki cha pili nilikuwa tayari kupoteza kila kitu. Unasoma hapa unapandwa na hasira, najua. Endelea kusoma.

Jumapili niliandaa meza kama kawaida. Ghislain, mwanawe na mkewe, Apolline, mimi. Nikaleta keki yako kwenye sahani ya mama. Ghislain akaigonga kwa kidole, akauliza ni keki au ni kipande cha barabara. Nikasema ni keki ya Solenne, imetoka kisiwani. Hapo aliacha kucheka. Nilikuwa nimeilainisha kidogo kwa mvuke, lakini ilibidi niikate kwa kile kisu cha mkate chenye meno ya msumeno. Apolline akaingia chini ya meza. Nikauliza, hiki cha nani? Akajibu. Hiki je? Akajibu. Usiniulize kuhusu kiatu changu. Mguu huu una ugonjwa wake.

Ghislain aliuma, tukasikia mlio. Alishika shavu, akatema mkononi, akatazama. Mwanawe alidhani ni jino, na kweli kulikuwa na kipande cha jino, lakini pembeni yake alikuwa amelala Grimoulard, masharubu juu.

Aliniuliza ametoka wapi. Nilimvisha taji, nikatoa barua yako ya Novemba kwenye mfuko wa aproni, nikampa. Nilimwambia tu kwamba sasa mfalme ni yeye, amri ya Solenne imekufa kwa kisu changu, na atakalosema tutalitii wote, mimi wa kwanza. Akisema tuuze, natia saini Jumatatu bila kununa.

Alisoma amesimama, taji limemkaa upande. Akafika mwisho, akarudi mwanzo. Kuna mahali alisimama sana, na nadhani ni pale uliposema hakuna aliyekuuliza. Tulimsubiri. Nikuambie ukweli, mwanangu, niliogopa. Nilikuwa nimeweka nyumba ya baba yangu kwenye kipande cha keki, na nimeiweka kwa makusudi.

Akamsimamisha Baroni karibu na chupa. Akasema, na nakuandikia neno kwa neno:

"Baba alinifungulia mlango nikatoka, na alikuwa ameshanishonea aproni. Huyu amekwenda mpaka mwisho wa bahari ndipo akageuka kugonga aingie. Mimi ni nani nimfungie?"

Halafu akatoa amri. Bekari haiuzwi. Sehemu yake inakuwa yako, kwa maandishi, na utaoka mpaka utakapochoka mwenyewe, si mpaka utakapochoshwa. Na mimi, mpaka utakaporudi, nisinyanyue gunia lolote. Magunia atanyanyua yeye. Nilitaka kusema hizo ni amri tatu. Alinitazama, nikaanza kukusanya sahani. Mfalme ni mfalme.

Jumatatu alikwenda kwa wakili kabla hawajafungua, akasimama mlangoni. Mnunuzi alikasirika, akasema sisi ni watu wa ajabu, tunaendesha mambo kwa vinyago. Ghislain akamwambia ndiyo. Ile mashine ya mikate ilikuwa imeshaletwa tangu wiki iliyopita, imesimama kwenye benchi letu imefunikwa nailoni. Lori lilipokuja kuichukua, Ghislain aliisukuma mwenyewe mpaka ndani ya lori, jasho linamtoka, na taji hakulivua. Kijiji kizima kilitoka. Mwalimu mstaafu alipiga makofi, halafu wote wakapiga. Bwana Lavergnolle alimbusu Ghislain mashavu yote mawili, kisha akaomba kumshika Baroni. Tumemruhusu, kwa kuhesabu mpaka kumi.

Leo asubuhi ndugu yangu amekuja bekarini kabla yangu. Nimemkuta amewasha tanuri, amejipaka unga mpaka kwenye nyusi, na mkate wake wa kwanza umetoka mweusi kama buti. Tumeuweka dirishani na kibandiko: hauuzwi. Wateja wanauliza wewe unakuja lini.

Mimi pia nauliza.

Shangazi yako,
Marcelline


Saint-Denis, Kisiwa cha Réunion, 24 Aprili 2017

Shangazi mwizi wa keki,

Barua yako niliipokea kwenye meli ile ile iliyokuja kunichukua. Nilisoma nimesimama ghubani, upepo unainyang'anya karatasi. Nilipofika kwenye msumeno nilikaa chini juu ya sanduku. Nilipofika kwenye jino la baba mkubwa nilikuambia maneno ambayo sitayaandika. Nilipofika kwenye aproni nilipiga ukelele, Evrard akaja mbio na mkoba wake wa dawa, amefurahi, amepata mgonjwa. Nikamkumbatia, nikamkumbatia na nahodha.

Nilikuambia usiongeze la kwako. Angesema tuuze, je? Ungekaa wapi? Mimi ningeoka wapi? Nimekaa melini siku zote hizi nikikugombeza kichwani, na kila nikifika mwisho wa ugomvi nakukuta umeshinda. Na usinieleze habari za mguu.

Mwambie baba mkubwa nimesoma maneno yake mara nyingi mpaka nayajua. Mwambie sina la kumjibu kwa barua, nitamjibu kwa mkate, na ule wake mweusi tutauzika pamoja kwa heshima zote.

Ndege inaondoka kesho. Chachu ninayo, iko hai, ina nguvu kuliko ilivyoondoka. Ijumaa nitafika mjini, Ghislain asije kunipokea, nitapanda basi, nataka kuingia kijijini kwa miguu. Kuni ziwe kavu. Unga usiuchekeche, nitauchekecha mwenyewe.

Jumamosi asubuhi vaa gauni lako la kanisani, toka nje, simama kwenye foleni ya mkate pamoja na watu wengine. Dirisha litafunguliwa kwa ndani.

Solenne